Pale Palipokuwa na Bakeri

Seattle, 6 Januari 1986

Mpwa wangu Thurman,

Barua yako imenifikia, pamoja na picha ya Yvonne asiye na meno ya mbele. Nimeisimamisha kwenye kabati la vikombe, na kila anayekuja kunywa kahawa namlazimisha aitazame kabla sijammiminia.

Unasema kazini wanakupeleka Philadelphia ukajifunze breki mpya za mabasi ya shule, na kwamba safari yako itakatika Pittsburgh, asubuhi hadi jioni, ukiwa peke yako. Unauliza kuna nini cha kuona. Watu watakuambia upande kile kigari cha kamba kinachopanda mlima uitazame mito ikikutana. Kipande, ni kizuri. Lakini najua hukuuliza kwa ajili ya mito.

Basi nikuelekeze kwetu. Toka stendi, panda mlima ukiwa umeupa mto mgongo. Ukifika pale palipokuwa na bakeri ya Lefkowitz, kata kushoto. Nenda mpaka pale palipokuwa na kinyozi Tibbs, kata kulia, upite pale palipokuwa na kanisa la matofali ya njano. Mtaa wa Fernleigh ulianzia hapo. Nyumba yetu ilikuwa ya nne, namba 41.

Utakuta maegesho ya magari. Nakuambia mapema ili usije ukadhani umepotea. Mwaka hamsini na sita waliubomoa mtaa mzima, wakasema watajenga, kisha wakamwaga lami wakaenda zao. Sisi wa Mlimani kila mtu akashika njia yake. Mimi njia yangu ikaishia huku kwenye mvua.

Habari ya baba yako unaijua vipande vipande, kwa sababu mama yako alichukia kuisimulia. Roscoe alikataa kuondoka. Mama yako alikuwa ameshahamia Chicago na wewe, ukiwa na miaka sita, na walikubaliana kwamba mjomba wako atakuleta kwa gari umwone baba. Ilikuwa majira ya theluji. Kila asubuhi Roscoe alitoka na beleshi, akasafisha nafasi ya gari moja mbele ya nyumba, akaweka hapo kiti chetu chekundu cha jikoni. Kwetu kiti cha mtu barabarani hakiguswi. Unaweza kumwibia jirani mke, lakini si nafasi aliyoichimba kwenye theluji. Wabomoaji walipoingia walikuta jiko lina moto, kahawa imechemka, kiti kipo mahali pake, na yeye hayupo. Hakuonekana tena, wala mzima wala maiti.

Sikuombi umtafute. Simama tu pale, kisha uniambie kama mto bado unaonekana kati ya majengo. Kutoka dirisha langu nilikuwa nauona, upana wa kanda ya nywele.

Shangazi yako,
Odetta Gaines


Philadelphia, 15 Januari 1986

Shangazi,

Ama umri umeanza kukuchezea, ama ulitaka kunifanyia mzaha. Maegesho gani?

Nilifuata maelekezo yako neno kwa neno na sikupotea hata kidogo. Nikapanda mlima, nikakata kushoto kwenye bakeri. Kwanza niliingia, maana harufu ilinivuta. Mzee mmoja ana penseli kila sikio, akanitazama, akakata kipande cha mwisho cha mkate mweusi wenye mbegu na kunipa bila kuulizwa. Akasema watu wa ukoo wangu wote wanapenda kipande cha mwisho. Nilicheka. Nilidhani anawaambia hivyo wateja wote.

Kwa kinyozi nilisimama mlangoni tu kuuliza kama niko sawa. Walikuwa wamejaa humo, na wote wakaviangalia viatu vyangu. Mmoja akauliza Chicago wanatengeneza viatu au mikate ya kuoka. Mwingine akasema mwacheni, hicho kichwa kinajulikana, hicho ni kichwa cha kina Gaines, hata kofia hakipati. Sikuwa nimewatajia jina. Sikuwa nimewatajia Chicago pia, sasa nikifikiri.

Hali ya hewa haikuwa nzuri. Saa sita mchana taa za barabarani zilikuwa zinawaka, na watu wanapita chini yake kama kawaida. Nilipofika hapa nikakuta kola ya shati langu jeupe imekuwa nyeusi, nimeifua na bado haijatoka. Mto nimeuona, ila si kati ya majengo, kati ya moshi.

Nyumba ipo, Shangazi. Namba 41. Na mbele yake pamesafishwa theluji, pana kiti chekundu.

Mama mmoja alikuwa anafagia baraza ya jirani, mnene, ana kitambaa cha maua kichwani. Niliposogea akaninyooshea ufagio.

"Usikisogeze hicho."

Nikamuuliza kimemwekea nani nafasi.

"Mtoto wa Roscoe. Yuko njiani."

"Na Roscoe mwenyewe?"

"Ametoka kwenda dukani, anarudi sasa hivi. Kaa basi, si umechoka?"

Nilikishika mgongoni. Theluji ilikuwa inaanguka, na kile kiti kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka punde tu. Ningekaa, Shangazi. Lakini basi langu lilikuwa linaondoka na sikuwa na ujasiri wa kulikosa.

Unanielewa ninachokuambia? Yupo. Mliambiana amepotea, kumbe hakuhama. Tarehe mosi Februari nikirudi nitashuka tena, na safari hii nitamngoja.

Wako,
Thurman


Seattle, 20 Januari 1986

Thurman,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, na haikubadilika.

Mzee mwenye penseli mbili ni Lefkowitz. Alikufa mwaka mmoja baada ya bakeri kubomolewa, na kwenye mazishi yake nilisimama mstari wa nyuma. Mwenye kitambaa cha maua ni Arlene, jirani yetu, naye alishafariki. Nilimpigia simu Bernice Womack, rafiki yangu ambaye hakuwahi kuuacha mji, nikamwomba aende akaangalie. Alivaa viatu vya theluji akaenda, ingawa ana magoti mabovu. Anasema pana lami, magari, na mlinzi anakula kwenye kibanda chake.

Viwanda vya chuma vimezimwa, mwanangu. Pittsburgh haina moshi siku hizi, watu wanaanika nguo nyeupe nje. Taa za mchana na kola nyeusi ni mambo ya usichana wangu. Mama alikuwa akitufungia kola ya pili mfukoni tubadilishe tukifika shuleni.

Nimekaa nikatafuta ulikosea wapi, na nimeona kosa ni langu. Nilikuelekeza kama tunavyoelekezana sisi. Mtu wa Pittsburgh hakuambii ukate kwenye duka lililopo. Anakuambia ukate pale palipokuwa na duka, hata kama limeondoka kabla hujazaliwa, na mwenzake anaelewa, anakata hapo hapo. Wageni hutucheka kwa hilo. Wewe ni mtu wa Chicago. Umelisoma neno langu, ukalidondosha njiani. Sisi tunakata palipokuwa na bakeri. Wewe umekata kwenye bakeri, nayo ikakupokea.

Nakuomba usirudi kwa njia hiyo. Panda ndege, nitachangia nauli. Na ukijikuta uko kule, usinywe kitu, wala usikae kwenye kiti kile. Aliyewekewa nafasi akishakaa, haina haja ya kuwekwa tena, na sidhani kama utainuka. Geuka urudi ulikotoka, na kila unachokipita kiite kwa sauti kama tunavyokiita sisi: palipokuwa na hiki, palipokuwa na kile. Usiruke hata kimoja. Yvonne anakungoja nyumbani, na yeye naye ana baba mmoja tu.

Shangazi yako,
Odetta

Nimefunga bahasha nikaifungua tena. Baraza yetu imepakwa rangi gani?


Pittsburgh, stendi ya mabasi, 1 Februari 1986

Shangazi,

Barua yako niliipata Philadelphia na ninayo mfukoni. Nimeielewa. Usidhani sikuielewa.

Lakini mimi nimelelewa na mama ambaye kila nikiuliza aliwasha redio. Huko juu kuna mtu ametoka kwenda dukani na anarudi. Nitamwona tu. Sitakaa.

Sikuangalia rangi ya baraza. Nitaangalia leo.

Thurman


Seattle, 8 Februari 1986

Kwa Thurman Gaines
41 Mtaa wa Fernleigh
Pittsburgh

Mwanangu,

Mkeo Lucille amenipigia simu tena asubuhi ya leo. Polisi wa Pittsburgh wamemwambia kwamba begi lako limekutwa stendi, limewekwa vizuri chini ya benchi. Lucille anadhani kuna mwanamke. Nimemwacha adhani hivyo, ni afadhali.

Nilipokwenda kununua stempu, binti wa posta aliisoma bahasha hii akaniuliza kama nina uhakika na anwani. Nikamwambia niliijua kabla sijajua kuandika jina langu. Sasa naituma, na kama kule kuna Arlene na ufagio wake basi kuna na mtu wa kugawa barua.

Ikikufikia, mpe Roscoe aisome, maana maneno yanayofuata ni yake.

Roscoe, mdogo wangu. Umefanya vizuri kushika nafasi. Lakini umemwekea mtoto ambaye hakuzoea Mlimani, ambaye hajui hata kuulizia njia yetu, na mtoto huyo ana mtoto wake. Mimi ndiye niliyezaliwa kwenye chumba cha nyuma. Mimi ndiye niliyekaa huku miaka yote hii nikiwaeleza watu ninakotoka na wakaniuliza kama napajua vizuri. Kama lazima mtu akikalie kiti kile, kiti hicho ni changu. Niwekee mimi nafasi, umwachie huyo aende.

Dada yako,
Odetta


Chicago, 17 Februari 1986

Shangazi,

Niko nyumbani. Lucille hanisemeshi, ila ananipikia. Kwangu mimi ilikuwa alasiri moja tu, na nilipofika stendi nikakuta magazeti ya katikati ya Februari. Sina cha kumwambia.

Wewe nitakuambia yote.

Nilipopanda mlima nikaona ulichonieleza. Lami, magari, mlinzi na mkate wake. Ningeweza kurudi hapo hapo. Nikasimama kidogo, kisha nikasema kwa sauti, penye bakeri, na harufu ya mkate ikatangulia, mlango ukafuata. Kwa hiyo usijilaumu kwa neno lako. Mara ya pili nilijua.

Nilikaa kwenye ngazi za baraza, si kwenye kiti. Baba akaja na dumu la mafuta ya taa, amevaa lile koti la kwenye picha yake pekee niliyonayo. Ni kijana, Shangazi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mimi nina mvi na yeye hana hata moja. Akanisalimia kwa adabu.

"Mzee, umepotea njia?"

Nikasema namngoja mtu. Akasema na yeye pia. Akaniletea kahawa, nikakishika kikombe mpaka kahawa ikapoa. Tukakaa tukitazama theluji, akanisimulia habari zangu. Kwamba mwanawe anaogopa mbwa lakini hataki ijulikane. Kwamba anakula ganda la mkate kwanza na kuacha ulaini wa ndani. Kwamba ametengeneza kigari cha mbao kimlinde asilie usiku wa kwanza. Nikajaribu kumwambia labda mtoto huyo ameshakuwa mtu mzima. Akacheka, si kwa dharau. Akasema mtoto wa miaka sita hakui kwa wiki moja, mzee, hata Chicago.

Kisha akaona nimechoka.

"Kaa pale kidogo," akasema, akionyesha kiti. "Ni cha mwanangu, lakini hatakasirika."

Nataka uelewe kwamba niliinuka. Uliniambia nisikae, ulinipa na sababu, na mimi nikashuka ngazi nikakiendea. Alikuwa ameniambia nikae, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa sauti ile. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye mgongo wa kiti, wenye joto, ndipo mtu wa posta akaita jina langu lote kutoka barabarani.

Baba akaipokea bahasha. Akasema hilo ni jina la mwanangu. Kisha akauona mwandiko, akasema huyu ni Odetta, hakuna mwingine anayekata herufi hivi kama anakasirikia karatasi. Akaifungua, akaisoma akiwa amesimama. Akanitazama muda mrefu, kuanzia viatu. Sijui aliona nini.

"Odetta aliyekuwa Seattle," akasema.

Nikamwambia yuko Seattle. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekosea neno na huna moyo wa kumsahihisha.

"Haya. Nafasi ni yake. Mwambie asichelewe, theluji inaanza tena. Na wewe nenda, mzee, una mtu anakungoja."

Nikaondoka. Palipokuwa na kanisa la njano. Palipokuwa na kinyozi Tibbs. Humo ndani waliacha kucheka, na kioo kikawa theluji tupu. Palipokuwa na bakeri. Nikafika ukingoni nikakuta bado nasikia beleshi likikwangua nyuma yangu, nikajua nimeruka kimoja. Sikugeuka. Nikasema, palipokuwa na baba yangu. Beleshi likanyamaza. Mlinzi akanipigia kelele nitoke katikati ya magari.

Ningeishia hapa, lakini kuna jambo la jana. Imeanguka theluji nyingi huku. Nilitoka nikakuta Yvonne amesafisha nafasi mbele ya nyumba kwa koleo la jikoni, na ameweka hapo kiti. Mtaa wetu hauna desturi hiyo, na mimi sikumsimulia. Nilimuuliza anamwekea nani nafasi. Akasema si ya mtu, ameambiwa akae angoje hapo hapo, kuna babu anakuja kumchukua kwa sababu kule kuna nafasi ambayo mwenyewe hajafika.

Nimekiingiza kiti ndani. Asubuhi hii kilikuwa nje tena.

Baraza ni ya kijani.

Thurman


41 Mtaa wa Fernleigh, 3 Machi

Mpwa wangu Thurman,

Yvonne hatatoa tena kiti nje. Kama hujaangalia, kaangalie sasa.

Safari ilikuwa nyepesi. Binti yangu alinisindikiza kwenye basi akiamini naenda kumwona Bernice, na ni kweli nilimwona. Alinisindikiza kwa magoti yake mabovu mpaka mwanzo wa lami. Akaniuliza kwa nini nimevaa kola nyeupe na nyingine nimeiweka mfukoni. Nikamkumbatia nikamwambia asubiri mpaka nikate kona, kisha aende nyumbani kabla ya baridi kuzidi. Nadhani alisubiri zaidi ya hapo. Nilimsikia akiita.

Ulisema kijani, na ni kijani. Nilikuwa nimekwisha kujiaminisha kwamba ilikuwa buluu.

Arlene ananidai maneno ya miaka yote na ameanza kuyadai kupitia ukutani tangu asubuhi. Lefkowitz amenipa kipande cha mwisho. Taa zinawaka na ni saa sita mchana. Mto nauona kutoka dirisha langu, upana wa kanda ya nywele, na siwezi kukueleza zaidi ya hivyo.

Roscoe alikuwa anachota theluji nilipofika. Aliniona mwanamke mzee amesimama barabarani, akaegemeza beleshi, akaja kunishika mkono nisiteleze. Akaniuliza, bibi, umepotea njia? Nikamwambia hapana. Nikapita nikakaa. Kiti kilikuwa na joto kama ulivyosema. Alitaka kunizuia, kisha akaona jinsi ninavyokaa, mguu mmoja chini ya mwingine, na akakaa kwenye theluji mbele yangu kama mtoto.

Sasa ametoka kwenda dukani. Anarudi sasa hivi.

Usije kunitembelea, na usimlete Yvonne. Ukipita mjini siku moja, simama kwenye lami, sema kama tulivyosema sisi, usiruke kitu, na uende zako ukapande basi lako. Lakini binti yangu au mtu mwingine akiuliza nilikokwenda, usimdanganye. Mwambie nilipanda mlima nikiwa nimeupa mto mgongo, nikakata kushoto penye bakeri.

Shangazi yako,
Odetta